Utoto wa Alexander: unavyoweza kuuandika hata kama farasi umemuona kwenye TV tu

Kuna jamaa kaniuliza anaanzaje hadithi ya utoto wa Alexander wa Makedonia wakati yeye kazaliwa Mtwara hapa na farasi hajawahi kumgusa. Mi mwenyewe niko Mikindani na naandika hiyohiyo, basi ngoja niseme ninavyofanya.

Kwanza vita weka pembeni. Kila mtu anajua jamaa alifika mpaka India akafa na miaka 32, ila dogo wa miaka 10 hajui, ukimuandika kama anajua umeshaharibu. Anachojua yeye ni baba yake Philip ana jicho moja, lingine liliondoka na mshale kwenye vita vya mji wa Methone, na kila mzee akishinda vita dogo ananuna, anawaambia wenzie mzee atamaliza vyote sisi hatutabakiziwa kitu. Huo wivu ndo hadithi yenyewe.

Alafu tafuta kitu kidogo ukae nacho. Alikuwa na mlezi mkali, Leonidas, ndugu wa mama yake, alikuwa anafungua masanduku ya nguo kukagua kama mama kaficha vitamutamu. Sasa usiandike "Leonidas alikuwa mkali", andika mkono unapapasa chini ya mashuka na dogo kasimama mlangoni kabana midomo. Mama kaficha nini unachagua mwenyewe, mi mara ya kwanza niliweka korosho, ulikuwa msimu nyumba nzima inanukia korosho, dada akasoma akacheka mpaka akakaa chini. Korosho asili yake Brazil, na Alexander kafa zaidi ya miaka 1,800 kabla Mreno hajakanyaga huko! Nikaweka tini na asali. Mahindi, mihogo, nyanya, pilipili, futa vyote.

Kwa farasi Bucephalus, aliyeletwa auzwe talanta 13, pesa nyingi mno enzi hizo, akawashinda wote mpaka Philip akasema mrudisheni, dogo ndo akaona farasi anaogopa kivuli chake, akamgeuzia uso kwenye jua. Mi nilienda kushika kamba ya ndama wa jirani saa kumi na moja jioni vivuli vikiwa virefu, nikaona sikio linavyogeuka kabla ya kichwa, ngozi inavyotetemeka nzi akitua tu, nikahamishia vyote kwa farasi. Ila usimuwekee vyuma vya kukanyagia miguu, enzi hizo havikuwepo.

Mwaka 343 KK, ana miaka 13, anatolewa nyumbani anapelekwa kijiji cha Mieza kusoma kwa Aristotle, yule mwanafalsafa wa Kigiriki, pamoja na vijana wenzie. Hapo sisi wa kusini tunaelewa haraka, ukishapita jandoni unajua. Lakini usilibebe jando lote ukalipeleka Makedonia, beba ile asubuhi ya kuondoka tu, mama anajifanya anafagia ili asikutazame. Na mwalimu usimfanye mzee wa hekima tupu, malipo yake ilikuwa kujengewa upya mji wake Stagira ambao Philip huyohuyo ndo aliubomoa, sasa jiulize anamwangaliaje mtoto wa huyo mtu kila siku darasani.

Pa kuishia napo tabu. Mi nimeishia 340 KK, Philip anaondoka kwenda kupigana na mji wa Byzantium anamuachia muhuri wa ufalme, dogo ana miaka 16. Udongo wa barua bado mbichi mezani, muhuri kaushika, hajaubonyeza.