Kupaka rangi upya kabati la zamani, na kwa nini rangi hubanduka

Kabati la vyombo la mbao za paina lililokaa jikoni miaka 15 linajulikana kwa kulitazama tu. Kuzunguka vitasa pana weusi wa mikono, vanishi ya juu imebabuka pale sufuria la moto lilipowekwa, na droo moja haifungi bila kusukumwa kwa goti. Mbao zenyewe bado nzima. Kabati kama hilo ukilipaka rangi sawasawa litakaa miaka mingine mingi. Ukilipaka vibaya, rangi itabanduka kama ganda la kitunguu kabla ya mwaka kwisha, na mara nyingi kosa halitakuwa la rangi. Kosa litakuwa la kilichofanywa, au kilichorukwa, kabla kopo halijafunguliwa.

Kwanza, hakikisha fanicha yenyewe inafaa kupakwa. Mninga, mvule, mkongo na msaji ni mbao za kuondolewa vanishi ya zamani na kupigwa vanishi mpya. Kuzifunika kwa rangi ni hasara. Kiti cha enzi cha Lamu au samadari yenye nakshi usiiguse kwa rangi hata kidogo, kwa sababu rangi ya mafuta ikishaingia kwenye nakshi haitoki bila kuila nakshi yenyewe. Rangi ni ya paina, ya mbao zilizoungwa kwa viraka, na ya fanicha ambayo tayari imewahi kupakwa.

Kisha kagua wadudu. Vitundu vidogo kama kichwa cha pini, na unga laini unaodondoka sakafuni upya kila baada ya kufagia, maana yake bungua wamo ndani na wanakula. Rangi haiwaui. Piga dawa ya wadudu wa mbao kwa sirinji, tundu kwa tundu, subiri wiki 2, ufagie na utazame tena. Unga ukiwa umekoma, ndipo uendelee.

Juu ya mbao pana nini?

Swali hili ndilo linalorukwa zaidi. Lowesha pamba kwa spiriti, sugua sehemu iliyojificha kwa nusu dakika, kisha tazama pamba. Ikitoka na rangi, au uso ukilainika na kunata, hapo pana rangi ya maji au shelaki (aina ya vanishi inayoyeyuka kwa spiriti). Isipotoka kitu, ni rangi ya mafuta au vanishi ngumu. Ubaya unakuja pale rangi ya maji inapopakwa moja kwa moja juu ya rangi ya mafuta inayong'aa. Haina pa kushika. Itakauka vizuri, itapendeza, na siku utakapoikwaruza kwa ukucha itabanduka kama ngozi nzima.

Kama fanicha ni ya miongo mingi na ina matabaka ya rangi ya mafuta, hasa kitanda cha mtoto, usiipige msasa mkavu. Rangi nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama mwilini. Tumia msasa wa maji, uloweshe kila mara, futa tope kwa matambara na uyatupe. Watoto na wajawazito wakae mbali mpaka sakafu ioshwe.

Vifaa na vipimo

Tuchukue kabati la upana wa mita 1.2, urefu wa mita 1.8 na kina cha sentimita 45, lenye milango miwili na droo mbili. Mbele, pande mbili, juu na mgongo wa milango ni kama mita za mraba 6. Lita 1 ya rangi nzuri ya mafuta hufunika mita za mraba 10 hadi 12 kwa mkono mmoja, yaani tabaka moja la rangi, kwa hiyo mikono miwili inakula lita 1 na ushee. Nunua lita 1 ya praima ya mafuta (rangi ya msingi inayotangulia) na lita 2 za rangi, kwa sababu rangi nyepesi juu ya mbao nyeusi hudai mkono wa tatu. Ongeza lita 1 ya tapentaini, brashi ya inchi 2 yenye nywele laini zisizong'oka, rola ya sponji ya inchi 4, puti ya mbao, na msasa namba 120, 180 na 240, karatasi 3 kwa kila namba.

Rangi ya maji ya ukutani iache ukutani. Kwenye fanicha hubaki laini, milango hugandana na fremu, na kikombe cha chai kikiwekwa juu huondoka na duara la rangi. Ukitaka rangi ya maji, tafuta iliyoandikwa kwenye kopo kuwa ni ya mbao na milango. Na kama uso una mabonde, epuka ile inayong'aa sana, maana inaonyesha kila kovu. Inayong'aa nusu husamehe zaidi.

Osha kabla ya msasa

Fungua milango, toa droo, ondoa bawaba na vitasa. Funga kila bawaba na skrubu zake kwenye karatasi uliyoandika mahali ilipotoka. Bawaba iliyozoea mahali pake miaka 15 haikubali kwingine, na mlango utapinda.

Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, suuza kwa tambara la maji safi, kausha. Kisha futa kwa tambara lenye tapentaini, hasa panaposhikwa na mikono na panapopata moshi wa kukaangia. Haya yafanyike kabla ya msasa, kwa kuwa msasa juu ya mafuta unayasukuma ndani ya mbao, na huko hayatatoka tena. Dondoshea matone machache ya maji ukimaliza. Yakijikunja kama juu ya jani la mgomba, bado pana mafuta au polishi. Rudia. Polishi za kupuliza ndizo mbaya kuliko zote: rangi itakimbia na kuacha vishimo vya mviringo kama macho ya samaki.

Viungo vinavyocheza virekebishwe sasa. Kwangua gundi ya zamani kwenye ulimi (ncha ya mbao inayoingia kwenye tundu la kiungo), paka gundi nyeupe ya mbao, zungushia kamba, ingiza kijiti na uisokote mpaka kiungo kikaze, uache usiku kucha. Tundu la skrubu lililolegea lijaze njiti za kiberiti zilizochovywa gundi, na gundi ikikauka ukate ziada.

Msasa namba 120 ni wa kuua mng'ao tu. Huhitaji kufika kwenye mbao tupu kama vanishi imeshika. Palipobanduka, kwangua mpaka pale panapokataa kutoka, halafu sugua kingo mpaka kidole kisihisi ngazi. Kwenye uso bapa zungushia msasa kipande cha ubao, na kwenye mviringo tumia kipande cha kandambili kuukuu, maana kinajipinda kufuata umbo. Daima fuata nyuzi za mbao, kwani mikwaruzo ya kukata nyuzi huonekana hata chini ya mikono miwili ya rangi. Maliza kwa namba 180. Kisha vaa soksi mkononi na upitishe kiganja juu ya uso wote: palipobaki ukali, soksi itanasa.

Mashimo yazibwe kwa puti, tabaka la milimita 3 kwa wakati mmoja. Ukijaza shimo refu kwa mkupuo, puti husinyaa na kupasuka katikati.

Doa la kahawia linalorudi

Umepaka rangi nyeupe, imependeza. Siku ya pili linatokea doa la manjano au kahawia, mviringo, mahali palepale palipo na kifundo cha mbao. Unapaka tena, linarudi. Kifundo cha paina kina utomvu, na mbao kama mninga zina rangi yake ya asili inayoyeyuka na kupanda juu, hasa ikiguswa na rangi ya maji. Ukiongeza mkono wa tano, doa litatoka kwenye mkono wa tano.

Kinachoziba ni shelaki. Yeyusha gramu 100 za vipande vyake katika nusu lita ya spiriti, uache usiku mzima kwenye chupa ya glasi ukitikisa kila ukikumbuka. Paka kila kifundo na ukingo wake, sentimita 2 kuzunguka, mara mbili, kwa nafasi ya saa moja. Kama fremu nzima ni ya mninga au mbao nyingine nyekundu, ipake yote. Kazi ya kuipaka haifiki saa mbili, nayo inaokoa lita nzima ya rangi.

Praima, kisha rangi

Siku ya kupaka ichague. Pwani, anza saa 3 asubuhi unyevu ukishapungua, na maliza kabla ya saa 9 alasiri, kwa sababu umande ukishuka juu ya rangi mbichi unaua mng'ao. Wakati wa masika usipake jioni taa ikiwaka: kumbikumbi watajaa kwenye rangi. Kwenye baridi ya Njombe au Limuru, muda wa kukauka unaweza kuwa mara mbili. Fagia siku moja kabla, nyunyiza maji sakafuni kutuliza vumbi, zima feni. Acha madirisha wazi, na jiko la mkaa au gesi lisiwe karibu, kwani mvuke wa tapentaini hushika moto.

Pigilia msumari mmoja chini ya kila mguu, ubaki nje sentimita 1, ili kabati lisimame juu ya misumari na miguu isigandane na gazeti. Nyayo za miguu nazo zipate praima. Ndizo zinazokunywa maji kila unapopiga deki, na mbao huanza kuoza kutokea hapo.

Praima ipunguze kwa tapentaini kidogo, isizidi mililita 100 kwa lita, paka mkono mmoja mwembamba, uache saa 24. Piga msasa namba 240 kwa mkono mwepesi na ufute vumbi. Palipo na puti paongezee praima, la sivyo patanyonya rangi na kubaki pamefifia.

Usipunguze rangi ya mafuta kwa tina (thinner). Ndiyo kosa linaloonekana mitaani kila siku. Tina ni kali, huamsha tabaka la chini, na uso mzima hukunjamana kama ngozi ya maziwa yaliyochemka. Mafuta ya taa nayo huchelewesha kukauka na kufifisha mng'ao. Yatumie kuoshea brashi tu.

Koroga rangi kutoka chini ya kopo, na kama ina vipande ichuje kwa soksi ya nailoni. Chovya theluthi ya nywele za brashi, gonga ukingoni, usikwangue. Kwenye mlango anza na kibao cha katikati, halafu fremu za mlalo, mwisho fremu za wima. Tandaza, pitisha brashi kwa kuvuka nyuzi, kisha malizia kwa ncha ya brashi kufuata nyuzi, mkono ukiwa mwepesi karibu kama haugusi. Baada ya hapo toka. Ukirudia baada ya dakika 10 rangi imeshaanza kushika, na brashi itaacha mifereji.

Mchirizi ukiugundua umechelewa, uache. Ukiufuta mbichi utang'oa ngozi nzima. Subiri siku 2 ukauke kabisa, uukate kwa wembe uliolazwa, sugua kwa namba 240, paka tena hapo. Mkono wa pili uje baada ya saa 24, baada ya msasa mwepesi. Mikono miwili myembamba inashinda mmoja mnene, ambao hukauka juu na kubaki maji ndani.

Matambara yenye mafuta yatandazwe nje yakauke kabla ya kutupwa. Yakirundikwa yanaweza kupata joto na kujiwasha yenyewe.

Rudisha milango baada ya siku 3. Paka nta ya mshumaa kwenye reli za droo, kamwe si rangi, kwa kuwa unene wake ndio unaofanya droo ing'ang'anie. Vyombo vizito na vitambaa vya plastiki visubiri wiki 3, maana rangi iliyokauka ukiigusa bado haijakomaa ndani. Na ikiwa umetumia nyeupe ya mafuta, migongo ya milango itaelekea manjano kwa kukaa gizani. Kuifungua wakati wa mchana kunapunguza hali hiyo. Rangi iliyobaki ihamishie kwenye chupa ndogo ya glasi, ijae mpaka shingoni ili isifanye ngozi, na uandike juu yake tarehe na jina la rangi.