Kabla ya kutoka kutazama ndege msimu wa vuli (ule wa kaskazini ya dunia, baada ya kiangazi): mashambani na pwani kwa siku moja

Kitu cha kwanza kabisa, hata kabla hujaitafuta darubini ilipo, ni kucheki jedwali la maji kujaa na kupwa kwa siku hiyo. Wengi wanapanga kwa saa ya mkononi tu, asubuhi pwani mchana mashambani, halafu wanafika maji yamekupwa kabisa na ndege wako kule mbaaali kwenye tope, vidoa vidoa tu huwezi kujua kipi ni kipi. Ndege wa pwani kama kitwitwi na sululu wanafuata maji. Yakipwa wanatawanyika kula, yakijaa yanawasukuma hadi wanasongamana sehemu moja juu, kwa hiyo we wahi kama masaa mawili kabla ya maji kujaa, tafuta pa kukaa, tulia, watakuja wenyewe. Ile saa ya maji inasogea mbele kama dakika 50 kila siku so ratiba ya jamaa yako aliyeenda wiki iliyopita haikufai, na angalia pia kama jedwali limeongeza ile saa moja ambayo nchi nyingi za kaskazini husogeza mbele wakati wa kiangazi, mengine hayajaongeza na utafika saa siyo.

Mwezi mwandamo au mwezi mpevu kuna bamvu, maji yanapanda sana. Ndege watakuwa karibu zaidi, ila na wewe unaweza kuzingirwa, maana maji hayaji kwa mbele tu, yanapita kwenye vijito huko nyuma yako ukiwa bado umeinamia darubini. Kwenye tope usiingie, basi.

Ukishajua saa ya maji ndo unapangia mashamba muda unaobaki, ikiwezekana alfajiri, ndege wadogo wanakuwa na njaa na wanachangamka. Pita kwenye mashamba yaliyovunwa na vichaka vyenye matunda madogo. Msimu huu hawaimbi sana kama wakati wa kuzaliana kwa hiyo usingoje wimbo, tafuta jani linalotikisika wakati mengine yametulia. Na jiandae kuchanganyikiwa na rangi, wengi wameshavua manyoya ya kupendeza na kuna makinda kibao ya mwaka huo. Kwa kitwitwi angalia mgongo: kinda ana manyoya mapya yenye kingo nyeupe zilizopangika vizuri kama magamba ya samaki, mkubwa yake yamechakaa, mapya na ya zamani yamechanganyika hovyo.

Upepo nao usiudharau. Kule kaskazini ya dunia ukivuma kutoka kaskazini ndege wengi wanautumia kuondoka, mvua ikiwakuta njiani wanashuka ufukweni wamechoka, na ukivuma kutoka baharini kwa nguvu unawasogeza ndege wa bahari karibu na nchi kavu. Jua pia, kama ufukwe unatazama mashariki asubuhi litakupiga machoni na ndege wote utawaona weusi, huko nenda mchana.

Darubini ya 8x42 (inavuta mara nane, lenzi za mbele zina upana wa milimita 42) inatosha, 10x inavuta zaidi lakini kwenye upepo mkono ukitetemeka picha nzima inacheza. Teleskopu ni nzuri pwani ila ukiwa na stendi nyepesi sana ni kazi bure. Nguo vaa za kuvulika moja moja, maana alfajiri baridi, mchana jasho, ufukweni baridi tena, na kama ni eneo la wawindaji weka kitu cha rangi kali, mi sioni ubishoo hapo.

Umbali sasa. Kundi likiacha kula na kunyanyua vichwa wote, ushasogea mno, rudi nyuma taratibu. Hao wanajaza mafuta ya safari, mwaka 2022 kinda mmoja wa jamii ya hawa ndege wa pwani alitoka Alaska hadi Tasmania, kilomita 13,560, siku 11 bila kutua, sasa we ukimrusha mara nne kwa ajili ya picha ya simu unamlia akiba yake.

Mwisho beba kitambaa cha lenzi na kichupa cha maji safi, ile chumvi ya baharini ikikauka kwenye kioo usiifute kavu, itakwaruza, mwagia maji kwanza ndo ufute.