Kabla ya kununua laptopu mpya, badilisha diski

Ndugu zangu wa Dodoma, kama laptopu yako ya zamani inachukua dakika tano kuwaka, usikimbilie kuiuza. Mara nyingi kinachoichelewesha ni ile diski ya kuzunguka. Mpe fundi aitoe, aweke SSD, yaani diski ya kisasa isiyo na kitu kinachozunguka ndani. Yangu ilifunguliwa mezani kwa fundi kule Nkuhungu: vumbi jekundu limeganda kwenye feni (mwambie alipulize hapohapo), diski ikabadilishwa, na sasa inawaka kabla sijavuta kiti.

Muulize kwanza kama mashine yako inapokea SSD ya SATA (umbo kama la ile diski ya zamani) au ya M.2 (kibamba chembamba), maana haziingiliani.

Wala usinunue nafasi kubwa ya kuweka akiba ya miaka ijayo. Mwaka 1956 diski ya kwanza ya IBM ilibeba herufi milioni 5 tu, nayo ilikuwa kubwa kama kabati. Leo kadi ndogo kama ukucha inabeba maelfu ya mara ya hapo. Bei ya kila gigabaiti imeshuka sana tangu enzi hizo, kwa hiyo chukua GB 256 au 512, utaongeza zikijaa. Ile diski ya zamani inunulie kava la USB, uwekee nakala za picha na vyeti.