Wong, Huang, Ng na Ooi: jinsi ya kusoma majina ya ukoo ya Wachina bila kuharibu karatasi

Ankara ya mzigo inasema Huang, akaunti ya benki ya Hong Kong inasema Wong, na muuzaji anakuhakikishia kuwa ni mtu mmoja. Huenda anasema kweli. Ukoo unaoandikwa 黄 husomwa Huang kwa Kimandarini, lugha rasmi ya China, na Wong kwa Kikantoni, lugha ya Hong Kong na Guangzhou. Tatizo ni kwamba Wakantoni husema Wong pia kwa 王, ambao Beijing ni Wang, na huo ni ukoo mwingine kabisa.

Ndiyo maana herufi za ABC peke yake hazithibitishi jina la Mchina. Kinachothibitisha ni hanzi, yaani ile alama ya maandishi ya Kichina. Ukiwa unaagiza bidhaa Yiwu, mji wa masoko wa China, unapokea wagonjwa kliniki Toronto au unaandaa mishahara London, omba vitu viwili kila mara: hanzi ya jina, na tahajia kama ilivyo kwenye pasipoti au kitambulisho. Viandike vyote, na usibadili hata herufi moja kwa kudhani unasahihisha.

Turudi kwa huyo Huang. Swali la kumuuliza ni moja: kitambulisho chako kimetolewa wapi? Benki hufungua akaunti kwa jina lililo kwenye hati ya mteja. Mkazi wa Hong Kong ana kadi yenye hanzi na tahajia ya Kikantoni pamoja, kwa hiyo 黃 (ndiyo 黄 kwa maandishi ya zamani, ambayo Hong Kong bado huyatumia) na WONG zitakaa kwenye kadi moja na utaziona kwa macho yako. Lakini raia wa China Bara mwenye pasipoti ya HUANG akifungua akaunti Hong Kong, akaunti itasema HUANG. Akikupa ya WONG na kudai ndiyo yake, simamisha malipo. Omba pia leseni ya biashara ya kampuni, 营业执照 (yingye zhizhao). Ina namba ya usajili yenye tarakimu na herufi 18, jina la kampuni, na jina la mwakilishi wake kisheria kwa hanzi. Linganisha hanzi na hanzi. Na hata jina likilingana, kampuni kukuomba ulipe kwenye akaunti ya mtu binafsi ni jambo la kukutia wasiwasi, haidhuru maelezo ni matamu kiasi gani.

Kwa nini ukoo mmoja una sura nyingi

China Bara ilianza kutumia pinyin, mfumo wake wa kuandika Kimandarini kwa ABC, mwaka 1958. Kabla ya hapo watu wengi walifuata mfumo wa Wade-Giles wa Waingereza, na Taiwan bado majina mengi ya watu yanaandikwa kwa mtindo huo: Hsu badala ya Xu, Tsai badala ya Cai, Chang badala ya Zhang. Hong Kong huandika kwa Kikantoni. Singapore, Malaysia na Indonesia zilipokea wahamiaji kutoka mikoa ya Fujian na Guangdong waliosema Kihokkien, Kiteochew, Kihakka na Kikantoni, na makarani wa kikoloni wakaandika walivyosikia. Ndiyo maana ndugu wa baba mmoja wanaweza kuwa na tahajia mbili. Mswahili hapaswi kushangaa: Mohamed, Muhammad na Mohammed hukaa nyumba moja.

Hizi ndizo utakazokutana nazo zaidi. Ya kwanza kila mstari ni ya China Bara; pasipotajwa mahali, inayofuata ni ya Hong Kong, kisha za Singapore na Malaysia:

陈: Chen, Hong Kong Chan, Singapore na Malaysia Tan, Wahakka Chin, Vietnam Trần.
林: Lin; Lam; Lim; Vietnam Lâm.
黄: Huang, Wong, Ng, Ooi au Wee, Indonesia Oei, Vietnam Hoàng au Huỳnh.
王: Wang, Wong, Ong au Heng, Vietnam Vương.
吴: Wu, Ng, Goh, Vietnam Ngô.
张: Zhang, Taiwan Chang, Cheung, Teo, Teoh au Chong, Vietnam Trương.
蔡: Cai, Taiwan Tsai, Choi au Choy, Chua, Vietnam Thái.
许: Xu, Taiwan Hsu, Hui, Koh au Khaw, Vietnam Hứa.

Soma orodha hiyo kinyumenyume na mitego itajitokeza. Ng wa Hong Kong kwa kawaida ni 吴, ila Ng wa Singapore aweza kuwa 黄. Tan wa Singapore ni 陈, ilhali Tan mwenye pasipoti ya China Bara mara nyingi ni 谭, ukoo ambao Wakantoni huuita Tam. Xu huficha koo mbili, 许 na 徐, zinazotofautiana kwa toni tu, yaani kupanda na kushuka kwa sauti, na pinyin ya pasipoti haibebi toni. Lee aweza kuwa Mchina, Mkorea au Mwingereza. Kwa hiyo usiunganishe mafaili mawili ya wagonjwa au wafanyakazi kwa sababu majina yanafanana, wala usiyatenganishe kwa sababu tahajia zinatofautiana. Tumia tarehe ya kuzaliwa na namba ya hati.

Kisha kuna 吕, unaowasumbua wenyewe pia. Sauti yake ni Lü, na ile ü haimo kwenye baibodi ya kawaida. Wachina wanapochapa hubonyeza V mahali pake, ndiyo maana kadi za zamani zinasema LV. Nyingine zinasema LU, ambayo ni koo nyingine kama 陆 na 卢. Kanuni iliyoanza kutumika 2012 inataka LYU. Mtu huyohuyo basi aweza kuwa LV benki, LU kwenye cheti cha chuo na LYU kwenye pasipoti mpya. Tiketi ya ndege ifuate pasipoti anayosafiria nayo.

Kulisoma jina kwenye hati

Ukoo hutangulia, jina la mtu hufuata. Wachina wengi waliokaa Ulaya au Marekani hugeuza ili kuwarahisishia wenyeji, wengine hawageuzi, na hapo ndipo fomu huvurugika. Njia ya kutokosea iko chini ya ukurasa wa picha wa pasipoti, kwenye ile mistari miwili ya kusomwa na mashine. Chukua jina la kubuni ZHANG XIAOMING:

POCHNZHANG<<XIAOMING<<<<<<

Nafasi mbili za mwanzo ni aina ya hati, kisha huja herufi tatu za nchi, CHN. Kinachofuata hadi kwenye alama mbili << ni ukoo, na kilicho baada yake ni jina la mtu. Alama moja < ni nafasi tu. Mbinu hii inafaa pia kwa wenye ukoo wa hanzi mbili kama Ouyang (欧阳) na Sima (司马), ambao mifumo hupenda kuwakata katikati. Kwa Malaysia angalia zaidi, maana pasipoti yao huandika jina zima sehemu moja bila kutenga ukoo. Hapo muulize mwenyewe.

Jina la mtu lenye silabi mbili huandikwa Xiaoming China Bara, Siu Ming Hong Kong, na Hsiao-ming Taiwan. Yote matatu ni jina moja zima. Karani akiweka Siu kama jina la kwanza na Ming kama jina la kati, atakuwa amemwita mtu nusu ya jina lake. Na kama mwenzako kazini anajulikana kwa jina la Peter, hakikisha limo kwenye pasipoti yake kabla ya kumkatia tiketi. Mara nyingi halimo.

Mwanamke wa Kichina habadili ukoo akiolewa. Mke wa bwana Li kwa kawaida si Li, kwa hiyo usitilie shaka ndoa kwa sababu ya majina mawili tofauti kwenye fomu. Hong Kong, hasa kwa wanawake wa makamo na kwenda juu, utaona ukoo wa mume umewekwa mbele ya wa mke: Carrie Lam Cheng Yuet-ngor, aliyekuwa kiongozi wa Hong Kong, ni Cheng kwa kuzaliwa na Lam kwa mume. Watoto wengi huchukua ukoo wa baba, ingawa sheria ya China inaruhusu wa mama.

Kuuliza na kutamka

Swali la adabu ni "nín guì xìng?", yaani unamuuliza mtu ukoo wake kwa heshima. Kwa kuwa koo nyingi zinafanana kwa sauti, Wachina hueleza hanzi kwa kuivunja vipande. Atakuambia "gong chang Zhang": Zhang ya upinde (弓) na urefu (长), ndiyo 张. Yule wa 章 atasema "li zao Zhang", wa kusimama (立) na mapema (早). Chen husema "er dong", sikio na mashariki. Li husema "mu zi", mti na mtoto. Xu wa 许 husema "yan wu", na wa 徐 husema "shuang ren". Ukijifunza kumi tu za namna hii utaweza kuandika jina sahihi kwa simu, na mwenzako atafurahi kuliko kama ungemsalimia kwa sentensi ishirini ulizokariri.

Wakati wa kumwita, weka cheo baada ya ukoo: Wang laoshi kwa mwalimu, Zhang yisheng kwa daktari, Li zong kwa bosi wa kampuni. Usimwite mtu mzima kwa jina lake tupu, kama ambavyo usingemwita mzee wa mtaa kwa jina tupu.

Katika matamshi, X ni sh nyepesi, Q ni ch nyepesi, Zh inakaribia j, C ni ts. Kwa hiyo Cai ni "tsai" na Zhou ni "jou". Ng huwatoa jasho Waingereza, lakini wewe unayo tangu utotoni: ni ng' ya ng'ombe, ikisimama peke yake kama silabi, vile m inavyosimama katika mtu. Hakuna irabu mbele wala nyuma.

Koo zilitoka wapi

Hanzi yenyewe ya neno ukoo, 姓, imeundwa kwa mwanamke (女) na kuzaliwa (生), na koo kadhaa kongwe kama Jiang (姜), Yao (姚) na Ji (姬) zina alama ya mwanamke ndani yake. Nyingi zilizofuata zilitokana na dola ndogo za kale: Chen, Zhao, Song, Zheng, Cai na Xu (许) zote zilikuwa nchi. Sima lilikuwa cheo cha msimamizi wa farasi na majeshi. Tao (陶) ni mfinyanzi. Wafalme wa Tang (618–907), waliokuwa Li, waliwatunuku watu ukoo wao. Mwaka 496 watawala wa Wei ya Kaskazini, waliokuwa Waxianbei, kabila lisilo la Kichina, waliacha jina lao la Tuoba wakajiita Yuan. Basi ukoo mmoja una mizizi mingi, na Li wawili hawalazimiki kuwa jamaa hata kidogo.

Kwa msomaji wa pwani yetu, ukoo wa kuutazama kwa karibu ni Ma (马). Maana yake ni farasi, ila kwa Wahui, Waislamu wa China, mara nyingi ulichukuliwa kama ufupisho wa Muhammad, na kuna msemo kwamba katika Wahui kumi tisa ni Ma. Kuna pia Ha, Na, Sha na Ding, ambayo hunasibishwa na majina tunayoyajua: Hasani, Nasoro, Shamsi, na mwisho wa -din. Amiri Zheng He, ambaye misafara yake ilifika Malindi, alizaliwa Ma He katika familia ya Waislamu wa Yunnan, na baba yake alijulikana kama Haji. Ukoo wa Zheng alipewa na mfalme Yongle. Ukienda kuswali Guangzhou au Yiwu, huyo Ma uliyesimama naye safu moja huenda anabeba jina la mtume wako.

Kwa Wachina wa Marekani ukoo wa karatasi si lazima uwe wa damu. Sheria ya 1882 iliwazuia vibarua wa Kichina kuingia, na moto wa San Francisco wa 1906 uliunguza kumbukumbu za uzazi, hivyo wengi waliingia kama watoto wa kubuni wa raia wenye ukoo mwingine. Wajukuu wao wana ukoo mmoja kwenye hati na mwingine nyumbani. Usimchimbe mtu kuhusu hilo kama hakulianzisha yeye.

Watoto wa pande mbili

Jean Ping wa Gabon, aliyeongoza Kamisheni ya Umoja wa Afrika 2008–2012, ni mtoto wa Cheng Zhiping kutoka Wenzhou. Ukoo wa baba ulikuwa Cheng, lakini mtoto alibaki na Ping, kipande cha mwisho cha jina. Afrika Mashariki jambo hili hutokea kwa urahisi, maana mtoto wetu hupewa jina la baba, na karani huchukua neno la mwisho. Mkizaa na Mchina, amueni tahajia moja ya ukoo kabla ya kwenda kusajili, iwe ileile ya pasipoti ya mzazi, na iandikwe hivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki na pasipoti. Jina la Kichina la mtoto liandikwe kwa hanzi nyumbani na liwekwe pamoja na cheti.

Kama tofauti imeshaingia kwenye hati, ofisi ya mthibitishaji nchini China (公证处, gongzhengchu) hutoa cheti kwamba majina mawili ni ya mtu mmoja. Ombeni na tafsiri yake humohumo. China ilianza kutumia mkataba wa apostili, yaani muhuri unaoifanya hati ikubalike nchi nyingine bila kupita ubalozini, Novemba 2023, kwa hiyo nchi iliyomo kwenye mkataba huo, kama Burundi na Rwanda, hupokea cheti chenye muhuri huo. Kama nchi yenu haimo, cheti kitapita kwanza ubalozini, na hapo ongezeni wiki kadhaa kabla ya tarehe ya safari.