Kazi ya utafiti wa baiolojia: fuata ruzuku, usisubiri tangazo

Nimelijua hili juzi tu. Idara za baiolojia Marekani huwalipa wasaidizi wengi wa utafiti kwa ruzuku ya profesa, si kwa bajeti ya chuo. Kwa hiyo fungua NIH RePORTER au NSF Award Search, tovuti za mashirika ya serikali ya Marekani zinazoorodhesha ruzuku za utafiti walizotoa (bure, hazidai akaunti), andika mada yako, tuseme Anopheles (mbu wa malaria), kisha angalia tarehe ya mradi kuanza na kuisha. Ulioanza miezi mitatu iliyopita una hela na huenda bado unatafuta watu. Uliobakiza miezi minne, achana nao. Muhtasari wa mradi upo hapohapo. Usome, halafu kwenye barua pepe taja kitu kimoja unachokiweza kweli: kuendesha PCR (kunakili DNA maabara), au kumpasua mbu na kumtoa tezi za mate bila kuzichana. Barua moja iliyotumwa kwa maprofesa hamsini hujulikana tangu salamu.

Njia hii inagoma pale profesa alipokwisha kumtaja mtu wake kwenye ombi la ruzuku. Na viza ni habari nyingine kabisa. Uliza mapema kama chuo kinamdhamini mwajiriwa anayetoka nje.