SOMO: Kupiga hesabu ya joto linalopotea mvuke ukishuka kisimani

Wadau, hili ni la wale wanaosukuma mvuke kwenye visima vya mafuta mazito. Wengi wanashusha kipimajoto mpaka chini, wanakuta nyuzi karibu zilezile za juu, basi wanasema hakuna kilichopotea. Wapi! Mvuke wenye majimaji nyuzi zake zinapangwa na presha, joto likichomoka sehemu ya mvuke inageuka maji tu, kwahiyo kinachoshuka ni ukavu wa mvuke, yaani asilimia ya uzito ambayo bado ni mvuke, haijawa maji. Huo ndio wa kuhesabu.

Hatua ya 1: kusanya data. Mfano wetu presha ni MPa 5, hapo mvuke una nyuzi 264 na joto fichi (joto ambalo mvuke unaliachia ukigeuka maji bila nyuzi kubadilika) la kJ 1640 kwa kilo. Tunasukuma kilo 2 kwa sekunde, kina mita 500, ukavu juu asilimia 80 (hauwi 100 kwasababu boila za kazi hii zinaachiwa maji kidogo makusudi yabebe chumvi, la sivyo chumvi inagandia ndani ya mabomba).

Hatua ya 2: fuata njia ya joto. Linatoka bomba la mvuke, linavuka uwazi unaolizunguka, kesingi (bomba kubwa la nje linaloshika kuta za kisima), saruji, mpaka mwamba. Chuma usihangaike nacho, hakizuii kitu.

Hatua ya 3, hapa tulia. Tuchukue hali mbaya kabisa, bomba halina insulesheni na kizuizi ni mwamba peke yake. Mhandisi Ramey alitoa njia yake 1962 na bado inatumika:

joto kwa mita = 2πk × tofauti ya nyuzi ÷ f
f = ln(2√(αt)/r) − 0.29

k ni uwezo wa mwamba kupitisha joto, α ni kasi ya joto kusambaa ndani yake, r ni nusu kipenyo cha kisima, t ni muda tangu uanze kusukuma, ln ni logi asilia. Weka k = 2 (W/m·K), α = 0.000001 (m²/s), r = mita 0.12, t kwa sekunde. Mwamba wastani nyuzi 28, tofauti 236. Siku ya 100 f inakuja 3.6, unapata wati 824 kwa mita, kisima kizima kW 412. Siku ya 10 ilikuwa kW 605, yaani mwamba ukishapata moto unapunguza kunyonya ila hauachi. Siku chache za mwanzo usiitumie hii fomula, inadanganya.

Hatua ya 4: 412 ÷ (2 × 1640) = 0.126. Ukavu umetoka 80 mpaka kama 67. Sasa punguza kasi iwe kilo 1 kwa sekunde: joto linalopotea ni lilelile maana mwamba haujui unasukuma kiasi gani, ila sasa linakatwa kwenye mvuke nusu, unabaki na 55. Ndo maana kusukuma polepole kunaua kazi kuliko watu wanavyodhani.

MASWALI

Swali: Mkuu, si nipandishe presha tu mvuke uwe moto zaidi?
Jibu: Utakuwa moto ndio, MPa 10 ni nyuzi 311, lakini joto fichi linashuka mpaka kJ 1317 hivi. Unapoteza zaidi na ulichobeba ni kidogo. Hesabu ileile kwa kilo 2 inakupa 61 badala ya 67. Pandisha pale tu mwamba unapogoma kupokea.

Swali: Nina mabomba ya kuta mbili yenye ombwe katikati, mbona ukavu bado mbovu?
Jibu: Angalia viungio kwanza, pale ombwe hakuna. Halafu kizibo cha chini kinachofunga uwazi kati ya bomba na kesingi, kikivuja maji yanaingia kwenye uwazi, yanachemkia kwenye bomba, mvuke wake unagandia kwenye kesingi na kurudi maji, mzunguko hauishi na joto linahama balaa. Na kama mabomba ni ya zamani, haidrojeni hupenya chuma taratibu ikaharibu ombwe.

Swali: Nikisimama wiki kadhaa halafu nianze tena, naendelea na siku ya 100?
Jibu: Hapana ndugu, mwamba umeshapoa. Hesabu kama kisima kipya, ukizidisha kidogo sio mbaya.

Swali: Mvuke ukishaingia kwenye tabaka la mafuta si tumemaliza?
Jibu: Bado, joto linavujia mwamba wa juu na wa chini ya tabaka, na tabaka likiwa jembamba ndo hasara kubwa zaidi. Hiyo hesabu yake ni nyingine, ntaiweka peke yake.