Mabomba ya Hita Yanayogonga: Mambo ya Kuzingatia Kabla Baridi Haijaingia

Kwa mnaoishi Uingereza, Septemba ndiyo mwezi wa kuwasha hita kwa majaribio, hata kama bado mnavaa fulana. Baridi ikishakolea, fundi wa gesi huwakimbilia kwanza wale ambao boila zao (mashine za kupasha maji ya hita) zimekufa kabisa. Wewe mwenye kelele tu utasubiri.

Kabla ya kumwita mtu yeyote, chunguza kelele inatokea wakati gani. Ikianza mara tu boila inapowaka, ikanyamaza nyumba ikishapata joto, halafu ikarudi hita inapozimwa, basi karibu kila mara ni shaba inayotanuka na kusinyaa. Bomba la shaba la mita 10 likitoka nyuzi 15 hadi 65 hurefuka milimita 8 na zaidi. Katika nyumba za zamani zenye sakafu ya mbao, mabomba hulazwa kwenye pengo dogo lililochongwa juu ya boriti. Pengo likibana, bomba hukwama, hujikaza, kisha huruka ghafla: tik, tik, tik, saa kumi na moja alfajiri. Halina hatari, ila linakera.

Usikimbilie kung'oa mbao. Kwanza punguza joto la maji yanayotoka kwenye boila. Kama boila yako hupasha maji ya bomba papo hapo, bila tangi, jaribu nyuzi 60 hivi: shaba itatanuka kidogo kuliko awali, na matumizi ya gesi pia yatapungua. Mwenye tangi la maji moto asishuke chini ya 65, kwa sababu maji ya tangini yanatakiwa kufika 60 ili bakteria wa lejionela, wanaoleta ugonjwa wa mapafu, wasistawi. Kelele ikibaki, ndipo sakafu ifunuliwe na kitambaa kizito au plastiki laini ipenyezwe kati ya bomba na mbao. Asikudanganye mtu kuichonga boriti zaidi. Hiyo ndiyo iliyobeba sakafu.

Kelele ya maji yanayobubujika ni hewa. Radieta (lile bamba la chuma ukutani linalotoa joto) yenye hewa huwa ya moto chini na baridi juu. Zima hita, subiri ipoe, nunua kile kiufunguo kidogo cha radieta (bei yake ni ya kikombe cha kahawa), weka kitambaa chini, fungua robo duru, na ufunge maji yakianza kutoka. Anza na za chini, kisha upande ghorofani. Ukimaliza tazama geji ya boila: mfumo ukiwa baridi, presha iwe kati ya bar 1 na 1.5. Ukilazimika kutoa hewa kila baada ya wiki chache, au maji yakitoka meusi kama wino, kuna kutu inayokula radieta kwa ndani, na hapo mfumo unahitaji kusafishwa na kutiwa dawa ya kuzuia kutu.

Boila yenyewe ikinguruma kama birika linalokaribia kuchemka, mara nyingi ni chokaa au matope ndani yake. Maji ya London na kusini-mashariki yana chokaa nyingi. Hapo mkono wako uishie: kifuniko cha boila usikifungue. Kisheria kazi ya gesi ni ya fundi aliyesajiliwa Gas Safe (daftari rasmi la mafundi wa gesi), na kitambulisho chake kina orodha ya kazi anazoruhusiwa upande wa nyuma. Kisome, hata kama ni kijana wa nyumbani aliyeletwa na shemeji. Ukinusa gesi, fungua madirisha, usiguse swichi, toka nje na upige namba ya dharura ya gesi, 0800 111 999.

Mpangaji asitoe pesa yake mfukoni kwanza. Kwa England, sheria ya mwaka 1985 inamtwika mwenye nyumba matengenezo ya hita katika mikataba iliyo chini ya miaka 7. Rekodi sauti kwa simu, andika saa inapotokea, na umtumie kwa maandishi, maana fundi akifika mchana mabomba huwa yamenyamaza. Kwenye ghorofa zenye boila moja ya jengo zima, ulizia majirani pia. Bomba linalogonga ukutani kwako huenda linapanda kwenda kwao, na malalamiko ya nyumba tatu husomwa haraka kuliko ya moja.